Muhuri wa jumuiya ulikuwa kwenye mkoba wangu: parokia zetu zinawapokeaje wapenzi wa jinsia moja?

KatibuWaZamani

Tumsifu Yesu Kristo, wana jukwaa.

Bandiko hili ni refu. Mwenye haraka alirudie jioni, maana sitaki mtu ajibu kichwa cha habari tu.

Nilikuwa katibu wa jumuiya ndogo ndogo katika parokia moja ya Dar es Salaam kwa miaka sita. Waliowahi kuishi Ukatoliki wa Dar wanajua katibu anashika nini: daftari la mahudhurio, daftari la michango na muhuri. Ukitaka kubatiza mtoto, barua ya jumuiya. Ukitaka kufunga ndoa, barua ya jumuiya. Ukifiwa, kabla hujamfikia paroko unamkimbilia mwenyekiti wa jumuiya asaini, katibu agonge muhuri, ndipo ofisi ya parokia ipange misa ya mazishi.

Kwenye jumuiya yetu kulikuwa na kijana aliyepiga kinanda cha kwaya tangu yuko kidato cha pili. Yeye ndiye aliyetuandikia nota. Misa ya pili nzima iliimba kutoka kwenye mwandiko wake. Alipofika miaka 24 maneno yakaanza. Mtu alishika simu yake, akasoma ujumbe usiomhusu, na wiki mbili hazijaisha kila nyumba ilikuwa na habari kwamba kijana ni "wale". Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyekwenda kwao. Mwalimu wa kwaya akamwambia apumzike kidogo, na kupumzika huko hakukuisha. Sisi tunasali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi alfajiri. Zamu ya nyumba yao ilipofika, ikarukwa. Mzunguko uliofuata ikarukwa tena. Ratiba nilikuwa naiandika mimi.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye alipata ajali ya bodaboda, akakata roho njiani kupelekwa hospitali. Baba yake alifika kwangu saa tano asubuhi, shati limelowa jasho, karatasi ya parokia mkononi. Mwenyekiti alikuwa ameshakataa kusaini, amesema huyo hakuwa mwenzetu tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mkoba mapajani. Muhuri ulikuwa humo ndani, naugusa kwa nje ya kitambaa, ule ugumu wake wa mviringo. Nikamwambia mzee, "Ngoja kwanza niwasiliane na viongozi wenzangu." Mzee akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Akasema, "Haya mwanangu, asante." Akaondoka.

Paroko alikuwa mafungoni. Kijana akazikwa kesho yake saa tisa alasiri bila misa. Katekista wa kigango cha jirani, ambaye hakutumwa na mtu, ndiye aliyesoma sala za kaburini na kunyunyiza maji ya baraka.

Wimbo wake wa matoleo bado tunauimba. Nakala ya kwaya ninayo hapa. Juu kulia, pale palipokuwa na jina lake, pamekatwakatwa kwa peni ya bluu mpaka karatasi imetoboka. Nota zenyewe hakuna aliyezigusa.

Nilipoacha ukatibu nikaanza kusoma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2357 inasema vitendo vya ngono vya watu wa jinsia moja haviwezi kukubaliwa. Sikuja kubishana nayo. Lakini sisi tuliishia hapo, hatukushuka hata aya moja. Namba 2358 inasema watu wenye mwelekeo huu si wachache, kwamba kwa wengi wao ni jaribu, na kwamba wapokelewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na iepukwe kila dalili ya ubaguzi usio wa haki. Kisha nikatafuta Sheria za Kanisa, kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa mazishi ya kikanisa: walioasi imani kwa kujulikana, wazushi na wafarakanishi; waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopingana na imani; na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili fulani ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu. Askofu, jamani. Mwenyekiti wa jumuiya hatajwi popote, na katibu wake hatajwi.

Kijana yule alikuwa anaungama kila mwezi. Mimi mwenyewe nilikuwa namwona kwenye foleni ya kitubio.

Kwa hiyo nauliza kwa moyo mweupe: kwenye parokia yako au usharika wako, mtu kama huyu anakaa wapi? Akiugua nani anakwenda? Akifa nani anagonga muhuri?

---

Katekista71

Milele amina. Pole sana, katibu. Nimefundisha wakatekumeni miaka 27 na nasema wazi kwamba kumnyima marehemu sala kwa maneno ya mtaani ilikuwa kosa. Hilo nakuunga mkono.

Ila tuwe waangalifu na neno kupokea. Tarehe 18 Desemba 2023 Roma ilipotoa Fiducia Supplicans, simu yangu haikupumzika wiki nzima. Wazazi wananiuliza, je, sasa mashoga watafungishwa ndoa kanisani? Hati yenyewe ilikataa hilo. Ilizungumzia baraka fupi, nje ya liturujia, isiyofanana na ndoa. Lakini nani angeeleweshwa hilo kwenye foleni ya maji? Ndiyo maana maaskofu wetu wa Afrika na Madagaska, kupitia SECAM, walitoa barua tarehe 11 Januari 2024 iliyosainiwa na Kardinali Ambongo wa Kinshasa. Walisema baraka hizo hazitatolewa kwa wapenzi wa jinsia moja katika makanisa ya Afrika kwa sababu zingeleta mkanganyiko.

Tena sisi ni watoto wa Mashahidi wa Uganda. Tarehe 3 Juni kila mwaka tunawakumbuka vijana waliochomwa Namugongo 1886, na sababu mojawapo ni kwamba walimkatalia Kabaka Mwanga jambo hili hili. Damu ile ina maana. Mlango uwe wazi, lakini anayeingia aambiwe ukweli.

---

NipoNyuma

Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni yule anayezungumziwa hapa, ila mimi bado niko hai.

Nina miaka 31. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimekuwa mtumishi wa altare. Kila Jumapili nasali parokia iliyo mbali na kwetu, daladala mbili, kwa sababu kule hakuna anayejua jina langu. Nakaa benchi la mwisho upande wa nguzo. Wakati wa kutakiana amani nawapa mkono watu wawili au watatu, basi. Huo ndio ushirika wangu wa wiki.

Katekista, nakuheshimu kwa umri na kwa kazi yako. Sijawahi kuomba ndoa kanisani. Wala wengi ninaowafahamu hawajaomba. Tunachoogopa ni kidogo kuliko hicho. Tunaogopa kuugua. Nikilazwa na kuomba mpako wa wagonjwa, padre ataulizia jumuiya yangu, na mimi jumuiya sina, kwa sababu jumuiya ni majirani, na majirani ndio wanaosoma simu za watu.

Na ombi moja. Hilo neno "mashoga" jinsi linavyotamkwa siku hizi linachoma. Bibi yangu wa Tanga alimwita rafiki yake wa utotoni "shoga yangu" hadi siku wanazikana, na lilikuwa neno tamu. Leo ukilisikia nyuma yako stendi unakaza mwendo. Sema wapenzi wa jinsia moja, au sema tu huyu ndugu.

---

Katekista71

Nimekusikia, ndugu. Nitalichunga neno hilo.

---

KatibuWaZamani

@NipoNyuma asante kwa kuandika. Nimekaa kimya muda mrefu kabla ya kukujibu na bado sina neno linalotosha.

@Katekista71 kuhusu Mashahidi. Nimekwenda hija Namugongo mara mbili, na kila nikiwasikia wakitajwa kwenye mjadala huu narudi kwenye kisa chenyewe. Wale walikuwa vijana wa ikulu, wengine watoto. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Mfalme mwenye uwezo wa kuua aliwataka kimwili, na Karoli Lwanga, aliyekuwa kiongozi wao, akasimama katikati akawakinga. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu 22 wale tarehe 18 Oktoba 1964, Kanisa lilikuwa linamheshimu mkubwa aliyemkinga mdogo dhidi ya mwenye nguvu. Sasa kwenye kisa changu mwenye nguvu ni nani? Kijana wa kinanda, au sisi tuliokuwa na muhuri? Nikiwaza hivyo najiona niko upande wa Mwanga, si upande wa Lwanga, na sipati usingizi.

Na barua ile ya SECAM uliyoitaja, ukisoma yote, inakumbusha pia kwamba watu wenye mwelekeo huu watendewe kwa heshima na utu. Kwenye matangazo ya misa kipande hicho hakikusomwa. Kwetu hakikusomwa.

---

BintiKagera

Jamani naomba niseme la kwetu, kwa sababu naona tunaongea kana kwamba Kanisa la Tanzania halijawahi kupita njia hii.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Nilikuwa mtoto. Ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa kwa magendo kutoka Uganda. Watu walisema ni laana, ni dhambi ya uzinzi inalipwa. Mjomba wangu alipokonda, sahani yake ilitengwa, kikombe chake kikatengwa, na siku ya padre kuja kuwatembelea wagonjwa nyumba yetu ilirukwa. Hilo neno lako katibu, "ikarukwa", limenirudisha kwenye ua wa bibi yangu.

Lakini Kanisa halikubaki pale. Masista walianza kuja kwa miguu. Sista mmoja, simtaji, alikaa chini kwenye mkeka akamkata mjomba kucha. Kucha za miguu. Majirani wamesimama kwenye uzio wanatazama. Kuanzia siku ile bibi aliacha kutenga sahani. Na huko Dar, Jimbo Kuu lilianzisha PASADA mwaka 1992, na hadi leo watu wanapata dawa na ushauri pale bila kuulizwa virusi walivipataje.

Hakuna aliyebadilisha amri ya sita ili mjomba akatwe kucha. Amri ilibaki, na sista alikaa kwenye mkeka.

---

MtuWaOakland

BintiKagera umenigusa, kwa sababu nina kisa kinachofanana na chako kutoka upande huu wa dunia.

Niko California mwaka wa 16. San Francisco kuna parokia ya Most Holy Redeemer, mtaa wa Castro. Zamani ulikuwa mtaa wa Waayalandi wafanyakazi. Miaka ya sabini familia zikahamia nje ya mji, vijana wa kiume wapenzi wa jinsia moja wakahamia mtaani, na parokia ikabaki na vikongwe, wengi wajane, benchi baada ya benchi tupu. Wazee wale hawakuwapenda wageni, na wageni walikuwa na hasira na Kanisa. Halafu UKIMWI ukaja. Vijana wakaanza kufa kwenye vyumba vya kupanga, wengine wazazi wao wamewakana.

Mwaka 1985 parokia ikaanzisha kikundi cha kuwahudumia wagonjwa. Nyumba ya watawa iliyokuwa imeachwa wazi ikageuzwa makao ya kuwatunza waliokaribia kufa, ikafunguliwa 1987. Wajane waliokuwa wamezika waume zao wakawa wanakaa na vijana wanaokufa, na vijana waliobaki wazima wakawa wanawapeleka wajane dukani na hospitali. Nilipofika mara ya kwanza, mwaka wangu wa pili Marekani, nilikaa karibu na bibi mmoja mweupe, fimbo pembeni. Wakati wa Baba Yetu alimshika mkono mwanamume aliyekuwa upande wake wa pili, na baada ya misa yule mwanamume akamfungia vifungo vya koti kimoja kimoja, kama mtu anavyomfanyia mama yake. Sikuuliza kitu. Nilikuwa nimelelewa kwamba hao watu nikikaa nao nitapata laana, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi muda mrefu.

Sisemi Dar iwe Castro. Nasema parokia ile haikuanza na tamko. Ilianza na wagonjwa.

---

MluteriWaNyanda

Nasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni wa KKKT, Kanisa la Kilutheri hapa Tanzania, naomba niingie.

Sisi tumevutana na jambo hili na ndugu zetu wa nje kabla yenu. Mwaka 2009 Walutheri wa Marekani, wale wa ELCA, waliruhusu wachungaji walio katika mahusiano ya kudumu ya jinsia moja, na mwaka huo huo Kanisa la Sweden likakubali ndoa hizo. Maaskofu wetu wakajibu kwa Tamko la Dodoma mwaka 2010 wakisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na msimamo ukawa huo. Hapa kwetu hatukubali na mimi pia sikubali.

Lakini angalieni. Dayosisi ya Iringa ina urafiki na sinodi ya Saint Paul, Minnesota, unaoitwa Bega kwa Bega, tangu 1987. Baada ya yote hayo urafiki haukufa. Watu wanatembeleana, wanaombeana kwa jina la usharika. Sasa najiuliza swali nisiloweza kulikwepa: kama tunaweza kula meza moja na mgeni kutoka Minnesota ambaye tunatofautiana naye kabisa, inakuwaje tunashindwa kukaa benchi moja na mtoto wetu wa Mufindi tuliyembatiza wenyewe? Mgeni tunamchinjia kuku. Mtoto tunamfukuza.

---

MamaWaWawili

Samahani naingia kwa jina jipya, la zamani watu wananijua.

Mwanangu wa kwanza aliniambia mwaka jana, usiku, umeme umekatika. Nafikiri alisubiri giza ili nisimwone uso. Nililia. Sikumfukuza, lakini nilimpeleka kwenye maombezi mara tatu, mahali panapojulikana kwa kufungua watu. Mara ya tatu walimlaza chini wakamkandamiza kifua huku wanakemea, na mimi nikiwa nimeshika viatu vyake. Alipoinuka alikuwa na mchubuko hapa shingoni. Tulipotoka hakusema kitu hadi nyumbani. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kusikia ule ufunguo unazunguka niliogopa kuliko siku ile ya giza.

Sasa haendi tena kanisani kabisa. Mimi ni WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, nina sare ya kitenge, nasimama mbele kila sherehe. Nifanye nini? Nikimwambia paroko, itafika kwa wanawake wenzangu? Naomba mtu anijibu kwa kweli, sitaki mstari wa Biblia tu, Biblia ninayo.

---

NipoNyuma

Mama, shikamoo. Nikujibu kama ningemjibu mama yangu, ambaye hatujaongea miaka minne.

Usimpeleke tena huko. Miongozo ya Kanisa letu haikuagizi kumkandamiza mtu kifua, na mwelekeo huu si pepo. Mwache asiende kanisani kwa sasa, lakini usiache kumpakulia chakula, na ukisali rozari usimtaje kwa sauti kama mgonjwa wa nyumbani. Mtaje kama unavyomtaja yule wa pili. Paroko unaweza kumwona kwenye kitubio, pale siri ni siri. Padre akiivunja anatengwa na Kanisa papo hapo na Roma peke yake ndiyo inayoweza kumwondolea. Kuzungumza ofisini ni kitu kingine, kwa hiyo chagua kitubio.

Na siku moja mwambie kwamba ulikosea kumpeleka kule. Mimi ningetembea kwa miguu hadi Dodoma kusikia hilo.

---

MamaWaWawili

Marahaba mwanangu. Nimesoma. Nitamwambia leo.

---

WakiliWaMtaa

Kuna wanaoniuliza pembeni kama kiongozi wa jumuiya akimpokea mtu wa namna hii anavunja sheria. Nijibu kwa ufupi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 154, inaadhibu tendo, na adhabu ni nzito, kuanzia miaka 30 hadi maisha. Kenya kifungu cha 162 ni miaka 14, na Mahakama Kuu ilikiacha kisimame tarehe 24 Mei 2019. Lakini kukaa kwenye benchi, kuimba, kusali rozari na kuzikwa si makosa chini ya kifungu hicho. Wala ujumbe wa simu uliosomwa na mtu asiyehusika haukupi wewe kiongozi mamlaka ya hakimu.

Uganda walikwenda mbali zaidi mwaka 2023 kwa kumlazimisha raia kuwaripoti watu hawa. Mahakama yao ya Katiba ilikifuta kipengele hicho Aprili 2024, ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Na kwa Mkatoliki anayedhani Kanisa linataka watu hawa wafungwe: Januari 2023 Papa Fransisko alisema kuwa hivyo si uhalifu, na tarehe 5 Februari, kwenye ndege akitoka Juba, alirudia hilo akiwa pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland. Alisema bado ni suala la dhambi kwa mujibu wa mafundisho, lakini dhambi na jela ni vitu viwili.

---

MkenyaWaKisumu

Mimi ni Mwanglikana, ACK. Kanisa letu nalo limekataa ndoa hizi wazi kabisa, mnajua. Nataka tu kuwakumbusha kuhusu Uganda, kwa sababu mazishi ya huyo kijana wa kinanda yamenikumbusha mazishi mengine.

Januari 2011 David Kato, mwanaharakati wa haki za wapenzi wa jinsia moja, aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake. Siku ya kumzika kijijini, kasisi aliyekuja kuongoza ibada alichukua kipaza sauti akaanza kuwahukumu waliokuja kuzika. Vurugu zikazuka, marafiki wakampokonya kipaza sauti, kasisi akaondoka, na kuna watu wa kijiji waliokataa kubeba jeneza. Marafiki wakalibeba wenyewe. Aliyemzika ni Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa West Buganda, mzee wa karibu miaka themanini ambaye Kanisa lake lilikuwa limeshamvua huduma kwa sababu ya kuwapokea na kuwashauri watu hawa. Akasimama pale mbele ya kaburi akawafariji.

Nimewahi kubishana na wengi kuhusu mafundisho yake, na mambo mengine sikubaliani naye. Lakini mnijibu: kati ya wale wawili waliovaa kola siku ile, ni yupi ungetaka amzike mwanao?

---

Katekista71

Nimerudi. Nimesoma yote, na la yule mama nimelisoma nikiwa nimesimama.

Msimamo wangu juu ya ndoa na baraka haujabadilika na sitaficha. Ila kuna swali la kazi ambalo lazima nikiri nililijibu vibaya. Miaka miwili iliyopita mtu aliyebadili jinsia alikuja kuomba awe msimamizi wa ubatizo wa mpwa wake. Nilimrudisha mlangoni, hata paroko sikumuuliza. Baadaye nikakuta kwamba Baraza la Kipapa la Mafundisho Sadikifu ya Kanisa lilishamjibu askofu mmoja, na jibu likatangazwa Novemba 2023: mtu aliyebadili jinsia anaweza kubatizwa kama hakuna hatari ya kuwakwaza au kuwachanganya waamini, na anaweza hata kuwa msimamizi kwa masharti, kwa busara ya mchungaji. Busara ya mchungaji, si ya katekista aliyesimama mlangoni na funguo za ukumbi. Mtoto yule hakubatizwa kwetu.

Katibu, umeuliza nani anagonga muhuri. Nami najiuliza nani anafungua ukumbi.

---

KatibuWaZamani

Sikutegemea uzi huu ungeenda hivi. Asanteni.

Nilipoanza kusoma mambo haya nilikutana na habari ya Torvaianica, mji wa pwani karibu na Roma. Mwaka 2020, wakati wa korona, kundi la wanawake waliobadili jinsia, wengi kutoka Amerika ya Kusini, wengi wakiishi kwa kuuza miili, walikosa chakula. Wakaenda kugonga mlango wa parokia. Paroko, padre Andrea Conocchia, akafungua. Akawapa chakula, akawasaidia kulipa kodi ya nyumba, akawaambia wamwandikie Papa. Msaada ukaja kutoka Vatikani, wakaanza kuhudhuria katekesi za Jumatano, na Novemba 2023, Siku ya Maskini Duniani, baadhi yao walikula chakula cha mchana na Papa Fransisko. Alipozikwa, Aprili 2025, walikuwepo watu wa namna yao miongoni mwa maskini waliosimama kwenye ngazi za Basilika ya Bikira Maria Mkuu wakilisubiri jeneza, kila mmoja na ua jeupe mkononi. Hatua ya kwanza ya yote hayo ilikuwa mtu mmoja mlangoni.

Jumatatu hii nilikwenda kwa wazazi wa kijana. Sikuwa nimekanyaga ule ua tangu msiba. Mama yake alikuwa anachambua mchele, akanisogezea kiti, akaendelea kuchambua. Nikamweleza habari ya muhuri, kwamba siku ile ulikuwa kwenye mkoba. Akasema, "Baba yake alijua. Alisema aliuona umbo lake." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Aliniambia kila mwaka anaomba nia ya misa kumwombea mwanawe, lakini anakwenda parokia nyingine, kwa sababu hapa aliogopa jina likisomwa watu watanong'ona. Nikamwomba ruhusa. Alinyamaza muda, mchele ukawa unapita vidoleni tu, halafu akasema sawa.

Jana nimekwenda ofisi ya parokia. Daftari la nia za misa liko pale mezani, limefungwa kwa kamba ya katani. Nikaandika: Jumapili, misa ya pili, kumwombea marehemu, na jina lake lote, majina matatu. Karani akaligeuza daftari akasoma. Ni mgeni, hakumjua.

"Huyu ni nani wako?"

"Mwanajumuiya mwenzangu," nikamwambia. "Alikuwa anatupigia kinanda."

Akagonga muhuri kwenye risiti, akanipa.